Aliyepanda Jukwaani Kunifuta Jasho

Jeppestown, Johannesburg
11 Agosti 2025

Kwako Mama yangu Victoire,

Nakusalimu sana, na kama ningekuwa mbele yako ningepiga goti kabla ya kufungua mdomo. Mguu wako unaendeleaje? Bado unakusumbua asubuhi, au yale mafuta niliyokutumia yamesaidia? Na jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, bado anaazima chumvi na kusahau kurudisha? Mimi ni mzima. Huku ni mwezi wa upepo na vumbi, midomo inapasuka, jambo ambalo si zuri kwa mtu anayekula kwa mdomo wake kama mimi, lakini ninapaka mafuta na kazi inaendelea.

Barua hii anakuletea Pacifique, yule mfanyabiashara wa vitenge anayepitia Zambia na kupanda meli hadi Kalemie. Sikutaka kukupigia simu. Nakujua, Mama. Simu yako huwa unaipaza sauti, na kabla sijamaliza salamu mtaa mzima umeshakaa mkekani kusikiliza habari za Sagesse. Habari hii isome peke yako, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Ukimaliza utanisamehe au hutanisamehe, na yote mawili nimejiandaa nayo.

Mara ya mwisho tulipozungumza uliniuliza tena habari za Baba. Ulisema nimwambie mlango haujafungwa, kwamba miaka yote hiyo hukuwahi kumpa mtu mwingine kiti chake, na kwamba akirudi leo hutamuuliza hata swali moja. Nikakujibu kama ninavyokujibu siku zote, kwamba ni mzima, kazi zimembana, atapiga simu. Nilikuambia pia kwamba ni mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Wakongomani, na hilo lilikuwa kweli. Nililokuficha ni hili: huku Johannesburg, mimi na wewe tulikwisha kufa.

Soma vizuri, Mama, sijakosea kuandika. Baba alipofika huku aliwaambia watu wa kanisa kwamba vita vilimchukua mke wake Victoire na binti yake mdogo siku moja. Wakamwekea matanga. Walilala kwenye mikeka, wakapika wali na sombe, wakachanga, wakakulilia kwa jina lako. Aliyemfariji zaidi alikuwa msusi mmoja anayeitwa Brigitte, na akaendelea kumfariji mpaka wakaoana na kuzaa watoto. Haya yote nilisimuliwa na Brigitte mwenyewe huku akinisuka, akifuta machozi kwa mgongo wa mkono, kwa sababu hakujua kwamba maiti ndiye aliyekaa kwenye kiti chake.

Maana nilipofika huku na kumkuta Baba nje ya kanisa, alinishika mkono akanipeleka nyuma, kwenye matangi ya maji. Nilidhani ananipeleka huko ili alie bila kuonekana. Hakulia. Hakuuliza habari zako kwanza. Aliniomba niwe mpwa wake, mtoto wa dada yake marehemu, mpaka atakapopata njia ya kulieleza jambo hilo. Sikuwa na pa kulala, nikakubali. Na nitakuambia ukweli wote leo: nilikubali pia kwa sababu nilitaka kuwa karibu naye, hata kwa jina la kuazima. Kwa miaka miwili nimekula mezani kwake nikimwita mjomba. Brigitte hakunifanyia ubaya hata siku moja, alikuwa akinihurumia kwa uyatima wangu, na huruma yake ilinichoma kuliko matusi. Njia ya kulieleza jambo haikupatikana. Baba hakuitafuta.

Sasa nikupe habari za uimbaji, kwa sababu ndizo zilizoleta haya. Unakumbuka nilikuambia nilijiunga na kwaya ya Alexandra. Wale watu, Mama, wengine wanaishi kwenye vyumba vya mabati, lakini jioni wanakusanyika shuleni na kuimba nyimbo za Kiitaliano na Kijerumani kwa kusoma do-re-mi kwenye karatasi, sauti nne, bila kinanda. Mwanamke mmoja alisema wageni tumekula kazi zao na sasa tumekuja kula hata nyimbo zao. Aliponisikia akanyamaza. Kutoka huko nikachukuliwa kwenye kwaya ya opera, na opera ni mchezo ambao hakuna anayesema neno. Hata kuomba maji wanaimba.

Inachezwa katika jumba la zamani katikati ya jiji, lililojengwa na matajiri wa dhahabu. Viti ni vya bahameli nyekundu, kwenye dari kuna malaika wa plasta ambao baadhi wamekatika vidole, na kuna roshani tatu, moja juu ya nyingine. Enzi zile mtu mweusi aliingia humo kufagia tu. Kabla sijaanza kuimba pale nilikuwa nikienda kusikiliza, nakaa juu kabisa ambako tiketi ni rahisi, na huko ndiko nilikojifunza adabu za mahali pale. Mtu akitaka kukohoa anangoja wimbo uishe. Vigelegele vinaruhusiwa, wenyeji wenyewe wanavipiga, lakini mwishoni tu. Na lolote litakalotokea, mtazamaji hakanyagi jukwaa. Hilo halijaandikwa mlangoni. Kila mtu analijua, kama unavyojua kutoingia chumbani kwa mkweo.

Kwetu ni kinyume, na sihitaji kukukumbusha. Mwimbaji wetu akiimba vizuri watu wanainuka wakicheza, wanamtuza, wanambandika noti kwenye paji la uso. Lakini kumfuta jasho si kazi ya kila mtu. Leso ni ya mzazi. Unaikumbuka Pasaka ile kule parokiani, nilipoimba peke yangu kwa mara ya kwanza, kimo changu hakijafika kwenye mimbari? Baba alitoka kwenye mstari wa sauti nzito, akaja akicheza taratibu, leso nyeupe mkononi, akanifuta uso mbele ya watu wote. Wewe ulikuwa umeshika vigelegele kooni mpaka ukakohoa. Nimeishi na leso ile miaka yote. Nilipolala njaa niliikumbuka, na nilipovuka mipaka pia.

Mwaka huu nikapewa sehemu yangu peke yangu. Si kubwa. Mimi ni mjakazi anayeingia sebuleni kuwaambia wenye nyumba kwamba bwana wao amefia safarini, kisha ninaimba wimbo mmoja mrefu wa kumlilia. Baba aliposikia alifurahi kuliko mimi. Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kanisa akalitangaza. Akasema sauti ya mpwa wake ni sauti ya ukoo wao, yeye ndiye aliyeinoa, na inasikitisha kwamba wazazi wa mtoto huyu hawakuishi kuishuhudia. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili, Mama, mzima, na baba yangu ananizika mara ya pili kwa kipaza sauti. Kitu kikakatika ndani yangu, na mpaka leo hakijaunganika.

Siku ya onyesho ilikuwa Jumapili alasiri. Kanisa zima lilikuja moja kwa moja kutoka ibadani, wanawake wakiwa na kitenge cha sare, wakajaa kwenye roshani ya juu. Mwimbaji hupewa viti vichache vya mbele vya bure, nikampa Baba kimoja na Brigitte na bintiye Arlène vingine viwili. Baba alivaa suti ya kijivu. Kutoka pembeni ya pazia nilimwona akijipapasa mfuko wa koti, akitoa mkono, akijipapasa tena.

Zamu yangu ikafika, nikaingia, nikaanza. Sijawahi kuimba vizuri kama siku ile. Nilipofika katikati ya wimbo nikamwona amesimama. Akapita mbele ya magoti ya Wazungu, akafika kwenye ngazi ndogo za pembeni, akapanda jukwaani akicheza taratibu, hatua ileile ya Pasaka, leso nyeupe juu. Kule juu watu wetu wakalipuka kwa vigelegele, kwa kuwa waliona jambo wanalolijua. Bibi mmoja wa Kizungu wa mstari wa mbele alitabasamu, nadhani aliamini ni sehemu ya mchezo. Ndipo Baba akapaza sauti, sauti yake ileile nzito, akasema huyu ni mwanangu, ni mtoto wangu wa kuzaa, mtoto wa Victoire.

Alisema hivyo, Mama. Alitaja jina lako katika jumba lile, mbele ya mke wake na kanisa lake. Vigelegele vikakatika.

Okestra haikusimama kwa sababu kiongozi hakushusha mkono, na mimi nilifundishwa kutomwacha kiongozi kwa macho. Nikaendelea kuimba nikimtazama kiongozi juu ya bega la Baba. Aliponyoosha leso kwenye paji langu nikarudi hatua moja nyuma. Akasogea. Nikarudi tena. Watazamaji wakaanza kunong'ona, mtu akacheka. Baba akabaki na mkono hewani, na usoni pake nikaona anaanza kuelewa.

Mlinzi aliyekuja kumtoa alikuwa Thierry, kijana wa kanisani kwetu, ambaye Baba ndiye aliyemfundisha kuimba sauti ya tatu. Kazi ni kazi. Alimshika mkono mwalimu wake akamvuta nyuma ya pazia huku machozi yakimtoka, akimwomba msamaha kwa sauti ndogo. Nilimaliza wimbo. Nikapigiwa makofi marefu, mengine ya kunihurumia, nikainama, nikatoka.

Nyuma ya pazia msimamizi wa jukwaa alikuwa akiningoja kwa hasira. Akaniuliza kama ninamfahamu mtu huyu, kwa sababu anadai ni baba yangu. Baba alikuwa amesimama palepale, tai imekaa upande, leso imeanguka sijui wapi. Nikajibu kwa Kiingereza ili msimamizi aelewe, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili Baba aelewe. Nikasema baba yangu alikufa vitani.

Thierry aliwahi kulisikia neno hilo kwa Baba mwenyewe, akilisema juu yako na mimi. Akaachia mkono wa Baba kama mtu aliyeungua. Nilimngoja Baba abishe. Nilitaka abishe, nilikuwa na maneno mengine yamepangwa nyuma ya lile. Hakubisha. Alimwambia msimamizi kwa Kiingereza chake kibovu kwamba amekosea, kwamba binti huyu hana kosa, tafadhali asifukuzwe kazi. Kisha akaelekea mlangoni bila kusukumwa.

Utajiuliza mtu aliyeongoza kwaya maisha yake yote alikosaje kujua adabu za pale. Hakukosa kujua, nilimfundisha mimi. Siku chache kabla ya onyesho nilimpeleka kuona mazoezi, nikamwonyesha zile ngazi za pembeni. Aliniuliza kama hapa watu wanatuza. Nikamwambia wanatuza kwa adabu kuliko sisi, kwamba mzazi wa mwimbaji husubiriwa, na asipopanda kumfuta mwanawe jasho watu wanaona aibu kwa niaba ya mtoto. Akauliza kama mjomba anaweza. Nikasema mjomba anabaki kitini. Tulipofika kwenye robot, kama wanavyoita taa za barabarani huku, hakuona hata kwamba imewaka kijani. Nilimwekea mtego wenye milango miwili, Mama. Akikaa, amenikana. Akipanda, amekwisha. Moyoni nilikuwa na hakika atakaa. Nilishamchukia kwa kukaa kwake kabla hajakaa. Akapanda.

Ungedhani hapo ningelainika. Sikulainika. Nilirudi kwenye chumba nilichopanga juu ya gereji, nikala vizuri na nikalala usingizi mzito. Nilifurahi, na sitakudanganya juu ya hilo.

Yaliyofuata ni yale ya mchimba kaburi aliyetumbukia mwenyewe. Brigitte alimngoja nje ya jumba, viatu vya visigino mkononi, akamwambia eish, Gustave, mimi nimelilia mwanamke aliye hai, nimepika sombe ya matanga ya mke mwenzangu. Akamtupia nguo zake kwenye ngazi jioni hiyohiyo. Kanisa likamvua ualimu wa kwaya, maana walichangia msiba ambao haukuwepo. Arlène aliniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kama mimi ni dada yake. Nikamwambia amuulize mama yake. Thierry ndiye aliyempa Baba godoro chumbani kwake, karibu na hosteli za hapa Jeppestown.

Kutoka huko akaja kwangu. Alisimama chini, kwenye gereji, kati ya magari yaliyofunguliwa, hakuthubutu kupanda. Hakunilaumu. Aliniambia amepata alichostahili, na sasa hana kilichobaki ila kurudi Kalemie kukupigia magoti. Akaniuliza kama bado unaishi nyumba ileile. Akauliza kama utamfungulia.

Mama, nilijua jibu, ulinipa mwenyewe nimfikishie. Nilikuona ukimchemshia maji ya kuoga. Nilikuona ukimvutia kile kiti, ukimkatazia watu wasimuulize alikotoka, ukimhudumia mpaka anenepe. Ungemsamehe mlangoni kabla hajashusha begi. Na mimi ningekuwa nimefanya kazi ya kumfukuza huku ili wewe umpokee huko.

Nikamwambia umekufa. Nikamwambia ulifariki masika iliyopita, kwa presha, na ndugu wamekuzika kule juu penye upepo, karibu na Nyanya. Nilisema kwa utulivu, na aliniamini papo hapo, kwa sababu mtu aliyekwisha kukuua mara moja haoni ajabu kwamba umekufa. Alikaa chini kwenye mafuta machafu ya magari akalia kama mtoto mchanga. Mafundi wakaacha spana zao wakaja kumwinua.

Akakuwekea matanga, Mama. Safari hii ya kweli, yaani ya kweli kwake. Walikuja Thierry na wanawake wachache wazee wa kanisa, wale ambao hawawezi kukosa matanga hata ya adui. Hapakuwa na mchango wala wali. Umeliliwa mara mbili katika jiji hili na hujawahi kulikanyaga.

Nilikwenda. Ningefanyaje, mimi ndiye mfiwa. Wakaniomba niimbe, nikakuimbia ule wimbo wa Kilatini wa parokia uliokuwa ukiupenda, na nilikuimbia vizuri kuliko nilivyoimba kwenye lile jumba lenye malaika. Nililia kwelikweli, na sijui nilikuwa nikimlilia nani. Nilipomaliza Baba akainuka kutoka kwenye mkeka. Hakuwa na leso tena. Akatumia mkono wa shati lake, akanifuta uso, paji, mashavu, kidevu, taratibu, kama siku ile ya Pasaka. Sikurudi nyuma. Nilisimama nikamwacha afute mpaka akamaliza, na hata hapo sikufungua mdomo kumwambia uko hai.

Kwa hiyo nakuomba uzingatie haya. Ukipigiwa simu kutoka huku na namba si yangu, usipokee. Jirani akipokea, aseme namba imebadilika. Pacifique hamjui Baba, lakini nimemwambia anyamaze, na amekubali kwa kunistahi. Baba hana namba yako wala ya ndugu yeyote, alizitupa zamani ili asisumbuliwe na wafu. Anauliza kama anaweza kuja kuliona kaburi. Ninamwambia barabara si salama.

Namba yake mimi ninayo. Anakaa kule kwa Thierry, anashona vifungo kwenye shati lililochakaa, anapokea simu kabla haijaita mara ya pili. Ungempigia ukasema tu jina lako angejua sauti. Namba hiyo sikuiandika humu, na ukiniomba sitakupa.

Nisalimie mama mdogo na watoto wake, umsalimie katekista, na jirani wa chumvi usimsahau. Pacifique atakupa kitenge cha bluu na kofia ya sufu. Wakikuuliza mbona macho yamevimba, waambie Sagesse ameandika kwamba ameimba vizuri.

Ni mimi mwanao uliyebaki naye peke yake,

Sagesse